Rukhsa za Mejumaa

Vijana wa studio, kabla sijakabidhi funguo mliniomba niwaachie karatasi yenye mambo yote: kitufe kipi kizungushwe kwa sauti ya kike, kayamba irekodiwe kwa umbali gani, ngoma iwekewe maikrofoni juu au chini. Karatasi nimeiandika na nimeibandika nyuma ya mlango, chini ya kalenda. Ni ukurasa mmoja. Miaka yote ile imeenea ukurasa mmoja, na pakabaki nafasi ya kuandika namba ya fundi wa jenereta. Haya ninayoyaandika hapa hayakuingia mle, maana hayana kitufe.

Nilianza kazi Diani, kwenye hoteli moja ya ufuoni, nikiwa kijana kutoka Msambweni nisiyejua tofauti ya spika na sanduku la nguo. Niliajiriwa kubeba. Hoteli ilikuwa na bendi ya kuwaburudisha wageni wakila, bendi ilikuwa na vyombo vizito, na vyombo vilitaka mtu mwenye mgongo. Siku ya kwanza nilivaa shati langu jeupe la Idi, kwa sababu mama alisikia neno hoteli akadhani nitakaa kwenye meza. Kufikia saa sita shati lilikuwa na kutu begani, umbo la pembe ya spika. Mama alilisugua kwa ndimu na chumvi, kutu ikakataa, akaligeuza tambara la kufutia taa.

Fundi wa sauti pale alikuwa Mzee Kassim, mtu mwembamba, miwani yake imeshikizwa sikio moja kwa waya wa shaba. Hakuniuliza jina.

"Wajua kukunja waya?"

"Najua, mzee."

"Haya, kunja."

Nikauzungusha kwenye kiganja na kiwiko, kama mama alivyokuwa akikunja kamba ya kuanikia nguo. Aliniacha nimalize. Kisha akauchukua, akaukunjua wote, akautupa sakafuni.

"Huko si kukunja, ni kunyonga. Waya una mkunjo wake uliozaliwa nao. Ufuate."

Wiki nzima sikufanya kazi nyingine. Nilikunja, akakunjua, nikakunja. Wapishi wakawa wananicheka dirishani. Siku ya saba waya ulilala mkononi mwenyewe bila kubishana nami, na Mzee Kassim akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Mbwana. Akasema, "Haya, Mbwana, leta spiriti."

Spiriti ndiyo ilikuwa darasa la pili. Adui wa kwanza wa fundi wa sauti pwani si mvua wala stima inayopotea, ni chumvi ya hewani. Kila Jumatatu tulifungua ncha za nyaya zote, tukazisugua kwa pamba na spiriti, moja moja. Nyinyi mna dawa ya kupuliza sasa, na ninajua mnapuliza pale tu sauti inapokwaruza. Chumvi haingoji ikwaruze.

Chumba kizuri kuliko vyote cha kurekodia katika hoteli ile kilikuwa stoo ya mashuka. Mzee Kassim aliligundua hilo siku aliyokwenda kuomba taulo. Alipiga makofi mle ndani na makofi hayakurudi. Kuta zote zilikuwa rafu za mablanketi na mito. Duka la hoteli lilipotaka kaseti za nyimbo za huku za kuwauzia wageni, basi tukahamishia kinasa sauti stoo, tukampa mama wa mashuka soda, tukaita vikundi.

Hapo ndipo nilipomwona Mejumaa.

Aliingia na wanawake wenzake watano na kayamba zao, yale masanduku bapa ya matete yenye mbegu ndani. Alikuwa mtu wa Mwabungo. Asubuhi aliuza samaki wa kukaanga, alasiri aliimba, na siku ile alinukia ndimu na pilipili mpaka mashuka ya wageni yakanukia vilevile. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, na alinitazama kama mtu anayetazama samaki aliyeambiwa ni wa leo.

Tulipowasha mashine hakuimba. Aliongea. Nilidhani hajui kama tumeanza, nikataka kumwashiria, Mzee Kassim akanishika mkono.

"Rukhsa kwa Bi Mwanakombo, alonipa wimbo huu," akasema Mejumaa. "Rukhsa kwa Bi Tatu, alompa yeye. Waliotangulia watuwie radhi, waliopo waitikie."

"Rukhsa imetoka," wakaitikia wenzake.

Kisha akavuta pumzi, ndefu, kwa kinywa, mabega yakapanda, kama mtu anayetaka kumwita mwenziwe aliye mbali. Ndipo wimbo ukaanza.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ana aliyempa, na huwezi kuutoa mdomoni kabla ya kuwataja. Kila wimbo ulikuwa na majina yake. Mwingine ulikuwa na majina matatu, mwingine saba, na Mejumaa hakuwahi kuyachanganya.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu lilianza siku hiyohiyo na lilifanywa kwa ustadi. Zamani zile kukata sauti kulikuwa kukata kweli. Sauti ilikuwa kwenye utepe, na utepe ulikatwa kwa wembe, kisha ncha mbili zikaunganishwa kwa gundi. Mzee Kassim alikuwa na mkono mtulivu kuliko wa kinyozi. Alikata vikohozi, alikata kiti kilicholia, alikata mama wa mashuka alipoingia kuhesabu foronya. Na alikata rukhsa, zote, kwa sababu mwenye duka alitaka nyimbo na hakutaka maneno. Tuliita kukata kichwa na mkia. Kichwa ni kilichokuja kabla ya wimbo, mkia ni kilichobaki baadaye.

"Lakini pumzi usikate," aliniambia. Alinionyesha mahali pa kutia wembe: baada ya neno la mwisho, kabla ya pumzi. "Mtu akiimba bila kuvuta pumzi, msikilizaji hushtuka hata asijue kilichomshtua. Wimbo usio na pumzi ni wimbo wa maiti."

Vipande vya utepe vilidondoka sakafuni. Aliyevifagia ni mimi, nikavitia kwenye ndoo pamoja na maganda ya ndizi.

Kaseti ilipotoka tulimpelekea Mejumaa moja pale Mwabungo. Aliisikiliza kwenye redio ya jirani, karai la samaki likiwa motoni, na sikumwona akitabasamu.

"Mzee Kassim," akasema, "mbona naingia nyumba za watu bila kupiga hodi?"

"Ni biashara, mwanangu. Mgeni hajui Bi Mwanakombo ni nani."

"Hajui, ndiyo maana namwambia."

Mzee Kassim akasafisha miwani. Mejumaa akanigeukia mimi.

"Na wewe ndiwe unayefagia?"

"Ndimi, dada."

"Basi ukinifagia, nifagie taratibu."

Akacheka, akanipa kipande cha samaki kwenye gazeti. Tangu siku hiyo akawa dada yangu, na ilikuwa salamu yake kwangu kwa miaka yote: "Hujambo, mfagizi?" Kwingine nikaitwa fundi, nikaitwa prodyuza, nikaitwa mzee. Kwake nilibaki mfagizi.

Mzee Kassim alipozidiwa na macho aliniachia wembe wake, umefungwa kwenye kitambaa. Nikatoka hotelini, nikafungua chumba Ukunda nyuma ya duka la magodoro. Mwenye duka alinipa mabaki ya sponji nikabandika ukutani. Jirani wa upande wa pili alikuwa na mashine ya kusaga unga, basi tulirekodi kwa ratiba ya mahindi: akiwasha, tunapumzika, akizima, tunakimbilia maikrofoni. Katikati ya Adhuhuri na Alasiri ndiyo ilikuwa nafasi nzuri, kwa sababu msagaji alipenda usingizi wa mchana. Nyimbo nyingi mnazozisikia za wakati ule zipo kwa hisani ya usingizi wa mtu yule.

Nilirekodi kila kitu. Ngoma ya sengenya, maulidi, nyimbo za harusi, watu waliodhani wana sauti na watu waliokuwa nayo bila kujua. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Kinango, kwa mzee mmoja mpiga zumari. Nilikwenda na kinasa sauti cha betri nikakuta zumari imekauka na maji hayapo. Ulimi wa zumari ni wa jani, usipolowa hausemi. Tulikaa tangu asubuhi tukingoja punda wa maji. Punda alipofika, kikombe cha kwanza kilikwenda kwa zumari kabla ya watoto, na hakuna aliyenung'unika. Kisha mzee yule akapiga, na hakupumzika. Alihifadhi hewa mashavuni, akavuta kwa pua huku akipuliza kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho. Niliporudi Ukunda nilitafuta pa kukata nikapakosa.

Nilimsimulia Mejumaa. Akasema, "Na mimi nitajifunza kuimba hivyo, nisikupe pa kutia wembe."

Alisema kwa mzaha, lakini nilijua anachodai. Nikamwahidi. Nilimwambia kaseti inayofuata nitaacha rukhsa zote, neno kwa neno, na watu waipende wasiipende. Tukarekodi nyimbo kumi na moja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Halafu redio moja ikaniambia wimbo usizidi dakika tatu, na mfanyabiashara wa kaseti akaniambia watu wanaruka maneno, nami nikachukua wembe. Nilijiambia kwamba utepe wa asili ninao, mzima, siku moja nitautoa. Mwaka uliofuata utepe mpya ukaadimika, nikarekodi harusi ya mtu juu yake.

"Rukhsa zangu zipo?" Mejumaa aliniuliza.

"Zipo, dada. Nimezihifadhi."

"Basi siku moja nisikizishe."

"Inshallah," nikamwambia.

Nimesema inshallah mara nyingi maishani, na nyingine nilikuwa sina nia. Hiyo moja ndiyo inayonikaa kooni.

Baadaye ikaja kompyuta, na pamoja na kompyuta akaja Brayo. Wengi wenu mmemkuta ameshakuwa mkubwa wenu. Mimi nilimpokea akiwa mgeni kutoka Nairobi, na kofia ndani ya nyumba, na biti alizotengeneza kwa vilabu vya ufuoni. Siku ya kwanza aliweka wimbo wa Mejumaa kwenye kompyuta, akachukua mtikiso mmoja tu wa kayamba, akaurudia, akautia chini yake ngoma ya umeme iliyotikisa vikombe vya msagaji unga. Nilikasirika. Nilimwambia kayamba si mashine. Akanijibu, "Mzee Mbwana, tulia kiasi. Mwite huyo mathe mwenyewe asikie."

Mejumaa akaja, na kibinti chake cha miaka sita, Riziki, kimeshika upindo wa leso. Akasikiliza sauti yake ikikatwakatwa na kurudi, kukatwa na kurudi.

"Mmenimenya kama muhogo," akasema. Kisha mabega yakaanza kucheza, yeye mwenyewe hakuyaruhusu. "Lakini muhogo huu una nazi."

"Mathe, hii ni moto! Nairobi watawehuka!"

"Na Mwabungo je?" akauliza Mejumaa.

Ndiyo kazi iliyotufanya tujulikane, mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Ninalotaka mjue ni kwamba siku ile alisimama mbele ya maikrofoni, akataja rukhsa zake, Bi Mwanakombo na Bi Tatu na wengine, na kwenye kompyuta hapakuwa na sababu yoyote ya kukata. Utepe haununuliwi tena, hakuna dakika tatu. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaburura mpaka kwenye pumzi, nikafuta kilichokuwa kabla yake, nikahifadhi. Ilikuwa desturi ya mkono, na mkono uliofundwa vizuri haumuulizi mwenyewe.

Mejumaa aliugua siku tatu, presha, akafariki. Riziki alikuwa na miaka kumi na moja, akachukuliwa na khalati yake, dada wa marehemu. Wakati huo simu za kurekodi hazikuwa mikononi mwa watu. Mejumaa alikuwa na mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira, na kazi yake kubwa ilikuwa tochi. Nilikwenda mazikoni, nikarudi studio, nikakaa. Nikajua hakuna tena mtu duniani atakayeniita mfagizi.

Nina hamu naye. Naandika hivyo bila kuzungukazunguka, mtu wa umri wangu hana cha kuficha. Nina hamu na Mzee Kassim, na stoo ya mashuka, na hata msagaji unga, lakini kwa Mejumaa hamu ina kwikwi.

Sababu ya kustaafu kwangu mnaijua nusu. Mliambiwa nimechoka. Ukweli ni masikio. Sauti za chini bado nazisikia, za juu zimeniaga moja moja, na mwisho ikaniaga kayamba. Siku ile Brayo aliponiuliza kama kayamba imezidi, niliona mkono wa mpigaji ukitikisa nikasikia kama mtu anayechagua mchele chumba cha pili. Nikamjibu, "Iko sawa," na nikajua wakati umefika. Fundi asiyesikia akikaa kwenye kiti, anaharibu kazi za watu kwa heshima.

Nilikuwa katika wiki ya kufungasha vitu vyangu, asubuhi, Riziki alipopiga hodi. Amekuwa mtu mzima, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani, na alikuwa na mimba kubwa. Alikataa kiti changu cha kazi chenye magurudumu, akachagua cha mbao.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Khalati yako hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi, anakusalimu. Mjomba, nina haja moja. Nataka sauti ya mama."

Nikamwambia nyimbo zote zipo, nitamtilia kwenye simu sasa hivi. Akatikisa kichwa.

"Ya kuimba naisikia kila harusi. Hiyo ni ya watu wote. Mimi nataka ya kuongea, ile ya kwetu. Alikuwa akiniita kutoka jikoni mimi niko kwa jirani, nikasikia. Sasa naitafuta kichwani, siipati. Nasikia jina, sauti sisikii." Aliweka mkono tumboni. "Huyu akija, nataka nimwite kama nilivyokuwa nikiitwa. Nitamwitaje na mimi nimesahau?"

Nilimwambia rukhsa za mama yake nazikumbuka kwa moyo, nikaanza kumtajia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Maneno nayajua, Mjomba," akasema. "Sauti ndiyo iliyonipotea."

Basi nikamwambia ukweli. Nilimwambia juu ya wembe, na utepe uliorekodiwa harusi, na kompyuta, na inshallah. Sikumtazama nilipokuwa nikisema. Alipoondoka hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Nikaahirisha kufungasha. Kaseti zake zote nilikuwa nazo, nyingine zimeota ukungu mweupe. Nilitafuta mashine ya zamani, nikabadilisha mpira wake uliolegea, nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, nikasikiliza kila moja mwanzo mpaka mwisho. Nilitafuta neno moja. Hata "haya". Hata "ngoja kwanza". Siku nne. Nilikuwa nimefanya kazi safi mno. Hakuna kikohozi, hakuna kicheko, hakuna jina la mtu. Mtu anayesikiliza kaseti zile angedhani mwanamke huyu alizaliwa akiimba na akafa akiimba, na katikati hakuwahi kumwomba mtu chumvi.

Siku ya tano Brayo alinikuta nimekaa mbele ya kompyuta, nyimbo zote nimeshazihamishia humo. Akainama akatazama kioo cha kompyuta.

"Mzee, hapa mwanzo kuna kitu."

"Wapi?"

"Hapa kabla hajaanza. Kila wimbo. Si unaona kale kamlima kadogo?"

Nilikiona. Kabla ya kila wimbo, mstari ulivimba kidogo kisha ukatulia. Nikazidisha sauti mpaka mwisho, nikabana hedifoni kwa mikono miwili, na kilichonifikia kilikuwa mvumo wa utepe tu. Masikio yangu hayafiki huko tena. Lakini sikuhitaji kusikia kujua ni nini. Nilikuwa nimekiacha mwenyewe, kwa amri ya Mzee Kassim, mara zote, bila kukosa.

Nikazitoa pumzi zote za Mejumaa na kuzipanga mstari mmoja, nikaweka nafasi kati yao. Zilikuwa arobaini na mbili. Niliona haya kumwita Riziki. Mtu anakuomba mama yake, unampa hewa. Nilipiga simu, nikakata, nikapiga tena.

Alikuja siku ya mapumziko yake. Nikamkalisha chumba cha kuimbia, kwenye kiti cha mbao, hedifoni masikioni, na maikrofoni nikaiacha wazi ili aweze kuniambia akichoka. Nikamweleza nikiwa upande wa pili wa kioo cha dirisha: hakuna neno humu, mwanangu, nisamehe, ni pumzi tu, za kabla ya wimbo, na mimi mwenyewe sizisikii, wala sijui kama ni yeye au ni kelele za kaseti. Akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza.

Ya kwanza ikapita, ya stoo ya mashuka. Hakufanya kitu. Ya pili ikapita. Nilikuwa namtazama yeye na natazama mstari kwenye kompyuta, ukivimba na kutulia, kimya kwangu kama picha ya mtu anayesema nyuma ya dirisha. Ya tatu ilikuwa ya zile nyimbo kumi na moja. Mstari ukavimba.

Riziki akainua kichwa ghafla, akageukia mlangoni.

"Abee, mama!"

Aliitikia kama mtoto wa miaka kumi aliyeko kwa jirani, kwa sauti ya juu, ya haraka, kabla hajajua kama ameitikia. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikavua hedifoni zangu, sikuwa na haja nazo. Pumzi zikaendelea kumfikia moja baada ya nyingine, naye akilia, na kila moja ikipita anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ni yeye, hivi ndivyo alivyokuwa akivuta kabla ya kuniita.

Mashine ilikuwa ikirekodi. Sikukusudia, ni desturi ya mkono, na safari hii nimeushukuru. Nakala nimempa Riziki, na nyingine iko kwenye kompyuta kubwa, jina lake Rukhsa. Mtakapoifungua mtakuta kimya kirefu mwanzo, sauti ya kiti cha mbao kikilia, pua ikivutwa, mtoto akiitikia, na mwisho kabisa mimi nikigonga kioo na kuuliza kama anataka maji. Kwa kanuni zote nilizowafundisha, ni kazi chafu.

Msiikate kichwa, msiikate mkia.